Sura ya Saba: Chujio Kavu na Vumbi Jekundu la Kisangani

Msafiri afikaye Kisangani kwa mara ya kwanza, akaona jinsi mto Kongo unavyotanda mbele ya mji, na jinsi Tshopo unavyopita upande wa kaskazini, na maporomoko ya Wagenia yanavyotoa povu usiku na mchana, akaambiwa kuwa mvua inyeshayo hapo kwa mwaka mmoja hukaribia milimita 1,800, ni nadra kumpitia moyoni kwamba adui mkubwa wa injini za magari katika nchi hiyo ni vumbi. Lakini ndivyo ilivyo, na sababu yake i chini ya miguu yake. Udongo wa sehemu kubwa ya mkoa wa Tshopo ni ule mwekundu uliojaa kutu ya chuma, na barabara zitokazo mjini, iwe ile iendayo Banalia na Buta, iwe ile iendayo Bafwasende na Nia-Nia, zimetandazwa kwa sehemu kubwa changarawe ya udongo huo huo. Mvua ikinyesha huwa tope la kunasa malori. Na jua likiwaka siku mbili tatu mfululizo, hasa katika miezi ya Desemba, Januari na Februari ambapo mvua hupungua, magurudumu husaga lile tope lililokauka likawa unga laini, na unga huo ukiinuliwa na lori moja hubaki hewani, baina ya kuta mbili za msitu zisizopitisha upepo, mpaka gari la pili na la tatu yapite ndani yake.

Mintarafu ya unga huo, yafaa kwanza tujue umeumbwa na nini, maana hapo ndipo penye asili ya mambo yote yatakayofuata katika sura hii. Sehemu yake moja ni udongo wa mfinyanzi, ambao ni laini na madhara yake ni machache. Sehemu nyingine ni kutu ya chuma, ndiyo iupayo wekundu wake. Na sehemu ya tatu ni chembe za kwatzi, jiwe ambalo katika mizani ya ugumu ya Mohs, yenye daraja 10, limepewa daraja ya 7, nalo ni gumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Chembe kubwa haziogopeshi sana, kwa kuwa hata chujio duni huzikamata. Zenye kuogopwa ni zile za baina ya mikroni 5 na 20, ilhali unywele wa mwanadamu una unene wa takriban mikroni 70. Kwani utando wa oili unaotenganisha ringi za pistoni na ukuta wa silinda ni mwembamba sana, na chembe iliyo nene kuliko utando huo hugusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, ikazikwangua zote mbili, kisha ikashuka pamoja na oili kwenda kuzikwangua beringi za chini. Vumbi likichanganyika na oili halitoki tena kwa hiari yake; huzunguka humo mithili ya msasa mpaka siku ya kumwaga oili.

Na hewa inayopita katika injini ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Petroli haiungui sawasawa ila kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Na kwa vile lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, huhitaji kilo 11 za hewa, ambazo kwa joto la Kisangani ni kiasi cha lita 9,000 hadi 10,000. Mwenye gari aliyetia lita 40 kwa safari ya siku moja amekubali, ajue asijue, kuvuta karibu lita 400,000 za hewa ya barabarani kupitia katika kitambaa au karatasi isiyozidi unene wa milimita chache. Injini ya dizeli ya Land Cruiser iitwayo 1HZ, yenye ujazo wa lita 4.2, ambayo tangu mwaka 1990 imekuwa ikibeba wauguzi, mapadri, askari na wachuuzi katika nchi nyingi za Afrika, ikienda kwa mizunguko 2,500 kwa dakika huvuta hewa inayokaribia lita 5,000 katika dakika hiyo moja. Kwa hiyo chujio lipitishalo kidogo tu, kidogo hicho huzidishwa kwa hesabu kubwa.

Sasa kuna magari ambayo njia yake ya hewa siyo tena ile iliyotengenezwa kiwandani, nayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni yale yaliyotumika Japani kabla ya kuuzwa Afrika, ambayo hukutwa mikononi mwa vijana wapendao mwendo: mwenyewe wa kwanza aliling'oa sanduku la chujio la kiwandani, akatia mahali pake bomba pana la alumini na chujio la umbo la pia, lililotengenezwa na mojawapo ya kampuni za huko, kama HKS iliyoanzishwa mwaka 1973, au Apexi. Bwana huyo hakukosea kwa nchi yake, kwa maana barabara zake ni za lami na huoshwa na mvua. Namna ya pili ni magari ya kazi, hasa Land Cruiser na Hilux, yaliyofungwa lile bomba lipandalo kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, liitwalo snorkeli, ili gari livuke maji na livute hewa ya juu ambayo vumbi lake ni haba kuliko ya chini. Katika namna zote mbili hufika siku ambapo chujio la asili limekwisha, na mwenye gari husimama mbele ya duka la vipuri akauliza achukue lipi. Jibu langu ni kwamba achukue chujio kavu, na katika makavu achukue lile kubwa kuliko yote litakaloenea katika sanduku lililofungwa pande zote. Na wala nguvu za injini zisiwe ndilo swali lake la kwanza, bali usafi wa hewa.

Ugomvi huu baina ya wepesi wa kupita na usafi wa kilichopita si wa leo. Frank Donaldson, muuzaji wa matrekta huko Marekani, aliona trekta la mteja likifa kwa vumbi la shambani, akalitengenezea chujio, na mwaka 1915 ikazaliwa kampuni ambayo mpaka leo machujio yake yamo katika malori na mitambo ya migodini. Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Spitfire zilipopelekwa kupigana katika jangwa la Afrika Kaskazini, Waingereza walizifunga chujio kubwa la Vokes chini ya pua, na chujio hilo likaziokoa injini na mchanga lakini likazipunguzia mwendo hata marubani wakalalamika. Ndipo mafundi wa karakana ya Aboukir, karibu na Iskandaria, wakabuni chujio lao dogo lililokaa vizuri zaidi mbele ya upepo. Yafaa kuangalia kwamba mafundi wale, pamoja na kuwa adui alikuwa angani na mwendo wa ndege ulikuwa ndio uhai wa rubani, hawakusema chujio liondolewe. Walisema lifanywe bora.

Machujio yauzwayo kwa njia za hewa zisizo za kiwandani ni ya jamii mbili kuu. Jamii ya kwanza ni ya pamba iliyolowekwa mafuta maalumu, ambayo kampuni ya K&N ya California, iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiyo iliyoipa umaarufu duniani; vumbi hunaswa na mafuta, na chujio likichafuka huoshwa, hukaushwa, likatiwa mafuta upya. Jamii ya pili ni makavu: ya karatasi iliyotiwa gundi ya kuipa nguvu, au ya nyuzi za poliesta zilizosongwa bila kufumwa, ambayo hukamata vumbi kwa wembamba wa njia zake na kwa kuzilazimisha chembe kugonga nyuzi, pasipo msaada wa mafuta yoyote. Sitaki kuidhulumu jamii ya kwanza. Chujio la pamba likitunzwa na mtu mwangalifu, kwa mafuta yake yenyewe na kwa kipimo chake, hufanya kazi kwa miaka mingi, na watu wa mashindano hawakulipenda bure. Lakini mambo mawili yanalifanya lisifae hapa tulipo.

La kwanza ni kwamba mafuta yale maalumu hayapatikani kila mtaa, na mtu aliyeosha chujio lake leo, akakosa mafuta yake, ama atalirudisha bila mafuta, likawa wavu mtupu wa kupitisha vumbi, ama atalitia oili ya injini, ambayo ni nzito, ikaziba njia mahali pamoja na kutiririka mahali pengine. La pili lahusu magari ya petroli ya siku hizi, ambayo baada ya chujio yana kipimo cha hewa chenye waya mwembamba uliopashwa moto: hewa ipitayo huupoza waya, nayo kompyuta ya gari hujua, kwa umeme unaohitajika kuurudishia joto lake, ni kiasi gani cha hewa kimeingia, ikapima petroli kwa kadiri hiyo. Chujio lililozidishwa mafuta hurusha matone madogo yakaganda juu ya waya huo, vumbi likashika hapo, waya ukavishwa koti, na kompyuta ikadhani hewa ni chache kuliko ilivyo. Gari likakosa petroli ya kutosha, likawa linasitasita na kuwasha taa ya injini. Insafu yanitaka niseme pia kwamba hoja hii ya pili haiihusu 1HZ, kwa sababu dizeli hiyo hupimiwa mafuta kwa pampu isiyo na kompyuta wala waya. Hoja ya kwanza, hata hivyo, yaihusu kama iyahusuvyo magari mengine yote.

Baada ya kuamua kuwa ni kavu, huja hesabu ya asilimia, ambayo wauzaji huipenda na wanunuzi huisoma vibaya. Sandukuni imeandikwa kuwa chujio hili hukamata asilimia 99 ya vumbi na jingine asilimia 99.5, na mtu akaona tofauti ni nusu tu, akachukua la bei nafuu. Angalia upande wa pili wa hesabu: katika kila gramu 100 za vumbi, la kwanza hupitisha gramu 1 na la pili nusu gramu, maana yake la kwanza huingiza injinini vumbi maradufu ya la pili, na lile la asilimia 99.9 hupitisha sehemu ya kumi tu ya lile la 99. Injini haishughuliki na kilichokamatwa. Fauka ya hayo, asilimia haina maana mpaka ujue vumbi la mtihani lilikuwa la namna gani, kwa kuwa kanuni ya kimataifa ya kupimia machujio, ISO 5011, hutumia vumbi lililosagwa na kuchekechwa kwa daraja mbalimbali, na chujio lililopimwa kwa daraja ya chembe kubwa hupata sifa nzuri kwa urahisi, ilhali vumbi la barabara ya Buta lililosagwa na malori siku tatu ni la daraja ya chembe ndogo. Kampuni inayotaja kanuni na kutaja daraja ya vumbi imeonyesha uaminifu. Inayoandika nambari kubwa peke yake bila kusema ilipatikanaje, nambari hiyo isikushawishi.

Baina ya karatasi na poliesta, mimi kwa Kisangani naelekea kwenye poliesta, ingawa karatasi nzuri hukamata chembe ndogo kwa ustadi mkubwa na bei yake ni rahisi. Sababu ni unyevu. Karatasi ikikaa kwa miezi katika hewa nzito ya msitu, ikarashiwa mvua mara kwa mara, nyuzi zake huvimba, mikunjo yake hulegea na kushikamana miwili miwili, na kila mikunjo iliyoshikamana ni eneo lililopotea. Poliesta hainywi maji, nayo ikilowa hukauka ikarudi kama ilivyokuwa. Ama sponji, ambayo baadhi ya machujio ya Kijapani hutumia, huchakaa kwa joto na miaka, ikaanza kumegeka vipande ambavyo haviendi pengine ila ndani ya injini. Mwenye gari lililokuja na sponji ya zamani asingoje kuiona imekwisha.

Jambo la eneo lataka subira kidogo, kwa sababu hapo ndipo chujio dogo zuri linaposhindwa na chujio kubwa la wastani. Hewa ileile ikipita katika eneo kubwa hupita polepole, na vumbi lilelile likigawanywa juu ya eneo kubwa huchukua muda mrefu kuziba. Eneo lenyewe mnunuzi aweza kulipima dukani kwa rula: ahesabu mikunjo, apime kina cha mkunjo mmoja na urefu wake, azidishe vyote, kisha azidishe kwa mbili kwa kuwa kila mkunjo una kuta mbili. Chujio lenye mikunjo 60, kina cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 15, lina sentimita za mraba 3,600, ambazo ni zaidi ya theluthi ya mita ya mraba. Na jirani yake lenye mikunjo 45, kina cha sentimita 1.5 na urefu wa sentimita 12, ambalo kwa macho laonekana limepungua kidogo tu, lina 1,620, yaani halifiki hata nusu. Kwa chujio la umbo la pia hesabu hii ni ya kukadiria, kwani mikunjo hubanana kuelekea juu, lakini yatosha kwa kulinganisha. Sharti moja tu: mikunjo isiwe imesongwa hata jicho lisiweze kuona nafasi baina yake, maana eneo lisilofikiwa na hewa si eneo.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni mshikamano wa chujio na bomba. Chujio likamatalo asilimia 99.9, likifungwa juu ya bomba lisilolingana nalo, huachia upenyo pembeni. Na hewa, ambayo hutafuta daima njia nyepesi, hupita katika upenyo huo pamoja na vumbi lake lote bila kuchujwa hata chembe. Machujio mengi ya jamii hii yametengenezwa kwa vipimo vya inchi vya Kimarekani, ambavyo kwa milimita ni 63.5, 69.9, 76.2, 88.9 na 101.6, nayo mabomba ya Kijapani aghalabu ni 60, 70 au 80. Shingo ya 69.9 huingia vizuri katika bomba la 70 kwa sababu mpira hutanuka. Bali shingo ya 76.2 juu ya bomba la 70 huacha milimita 6, na hapo ndipo mafundi wengi huzungusha kipande cha tyubu ya baiskeli, mara mbili au tatu, wakakaza kibano wakaridhika. Mpira uliozungushwa hivyo una ngazi mahali unapoanzia na mahali unapoishia, na kila ngazi ni mlango. Kama kipimo hakikupatikana, utumike mkono wa silikoni uliotengenezwa kwa kazi hiyo, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, kila upande na kibano chake.

Kwa hiyo kabla ya kwenda sokoni, bomba lipimwe kwa kalipa upande wa nje, siyo kwa kukisia, wala kwa kupima chujio la zamani ambalo mpira wake umekwisha tanuka. Upimwe urefu wa nafasi iliyopo, upana wake chini na juu, na pembe ya shingo ikiwa bomba halikunyooka. Na ipunguzwe hapo sentimita mbili au tatu kila upande, kwa kuwa injini hutikisika juu ya mipira yake, na chujio linalogusa boneti gari likiwa limesimama litatobolewa na boneti hiyo kabla halijafika Banalia, takriban kilomita 130. Mpira wa shingo uwe laini na mnene, usiopasuka ukikunjwa kwa kidole gumba. Na gundi ya kuunganisha mikunjo na shingo iwe imeenea bila mapengo. Chujio la bandia hujulikana zaidi hapo kuliko kwenye nembo yake: mikunjo isiyo na nafasi sawa, gundi iliyomwagika upande mmoja na kukosekana upande wa pili, mpira mgumu unaonuka petroli.

Kuna mambo mawili madogo ambayo yakisahauliwa huharibu kazi yote. Chujio la umbo la pia lililoning'inizwa mwisho wa bomba, likipigwapigwa na matuta ya barabara kwa saa nyingi, huvunja plastiki ya kile kipimo cha hewa mahali kinapoungana, basi lazima lipewe mkono wa chuma wenye mpira wa kuzuia mtikisiko. Na sanduku la kiwandani, katika magari mengi, lilikuwa limeunganishwa na bomba dogo la kupumulia la injini, lipelekalo mvuke wa oili. Sanduku likiondolewa na bomba hilo likaachwa wazi, injini huvuta vumbi kupitia humo, na mwenye gari akabaki akilaumu chujio lisilo na hatia. Bomba jipya la hewa ni shurti liwe na tundu la kulipokea, baada ya chujio, upande wa hewa safi.

Nimesema sanduku lililofungwa, na sina budi kueleza kwa nini. Chujio lililo wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha pashwa moto na rejeta na bomba la moshi. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi nyuzi 60 hupoteza karibu sehemu 9 katika 100 za uzito wake, na zile nguvu alizozinunua mwenye gari kwa chujio lipitishalo vizuri huzirudisha kwa joto. Wengine, kwa kukimbia joto, hulipeleka chujio chini nyuma ya bampa, mahali penye ubaridi. Lakini dimbwi moja la barabara ya Bafwasende likilifikia, maji huingia katika silinda, na kwa kuwa maji hayakubali kubanwa kama hewa, pistoni ipandayo hukutana nayo na mkono wake ukapinda. Injini iliyopatwa na hayo huwa imekwisha. Fundi bati wa mjini anaweza kutengeneza sanduku la alumini lenye mfuniko wenye mpira wa kuzibia, linalopokea hewa kutoka juu ya ubavu wa gari, au kutoka snorkeli kwa gari la kazi, lenye tundu dogo chini la kutolea maji; na kazi hiyo, nionavyo mimi, ina faida kuliko tofauti yoyote baina ya nembo moja ya chujio na nyingine.

Kisha kuna njia ya bidhaa yenyewe. Tangu enzi za Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa liwali wa maporomoko haya, vitu vya pwani hufika hapa baada ya masafa marefu, na hata leo kipuri huja ama kwa mashua ya kuburutwa kutoka Kinshasa, mwendo wa mto wa kama kilomita 1,700, ama kwa ndege hadi Bangboka, ama kwa malori kutoka bandari ya Mombasa, kupitia Uganda, Kasindi, Beni, Mambasa na Nia-Nia. Mwenye akili hununua chujio huku akifikiri la pili litatoka wapi. Chujio la nadra, la kipimo kisicho na ndugu, hata likiwa bora duniani, likitoboka mwezi wa Januari litamlazimisha kuendesha bila chujio au kuliegesha gari mpaka mzigo uje. Ndiyo maana kwa gari lililopoteza sanduku lake la asili huwashauri watu wafikirie, kama nafasi ipo, kulifunga sanduku la Land Cruiser au la lori dogo, lenye chujio kavu la karatasi ambalo kila duka la vipuri huliweka. Hapo naiacha poliesta niliyoisifu muda si mrefu, kwa sababu karatasi mpya iliyopo ni bora kuliko poliesta iliyoko njiani.

Likishafungwa, chujio kavu huuawa zaidi na usafishaji kuliko na vumbi. Kijana wa gereji, kwa nia njema kabisa, humwambia mwenye gari, "Papa, filtri ingali muzuri, tunaipuliza tu," akalichukua, akaligonga mara tatu juu ya gurudumu, akalielekezea kompresa kwa nguvu zote kutoka nje kwenda ndani. Kugonga huko hupinda shingo. Upepo ule hufungua njia za nyuzi na kuzisukuma chembe zilizonaswa upande wa injini. Ajue pia kwamba tabaka jembamba la vumbi juu ya chujio lenyewe ni chujio, na kwamba chujio lenye vumbi kiasi hukamata zaidi kuliko jipya; rangi nyekundu ya nje si hoja ya kulifungua. Chombo cha kuamua ni kile kipimo kidogo cha mvuto kifungwacho baina ya chujio na injini, ambacho alama yake hupanda kadiri chujio linavyoziba. Kwa dizeli nyingi mpaka wake ni inchi 25 za maji, sawa na takriban kilopaskali 6.2. Bei yake ni ndogo, nacho huondoa ubishi.

Alama ikifika mwisho, la karatasi litupwe. La poliesta lioshwe kwa maji na sabuni laini, bila petroli wala dizeli, ambazo hulainisha gundi. Likaushwe kivulini penye upepo, na katika unyevu wa Kisangani lisirudishwe kabla ya siku mbili, wala lisiwekwe juu ya mbabula ya makaa kwa haraka. Ndiyo sababu ya kununua mawili kwa mara moja, moja likiwa garini na jingine likikauka. Kila linapofunguliwa, lishikwe mbele ya taa kali gizani, na nukta yoyote ya mwanga wazi, kubwa kuliko tundu la sindano, ni hukumu yake.

Na baada ya safari ya kwanza ya vumbi kwa chujio jipya, bomba lifunguliwe upande wa injini, na kitambaa cheupe kikavu kipitishwe ndani yake mpaka kidole kinapofika. Kikitoka cheupe, kila kitu kifungwe na gari liende. Kikitoka na wekundu, fundi asikimbilie kulaumu chujio wala kuagiza jingine: aanze kwenye kibano cha shingo, kisha ngazi ya mpira, kisha bomba la kupumulia, kisha viungo vya snorkeli kimoja kimoja, akifuta na kupima tena baada ya kila kimoja, mpaka apate mahali wekundu unapoingilia.